Kamba Iliyokazwa Mno

Saa tisa na robo alasiri boti tulimoishi ilianza kugumia. Majuzi, miaka mingi baadaye, nilimwona mtu akilegeza kamba kwenye mfereji uleule wa Molenbeek tulikoishi nikiwa mtoto, na harufu ile ya tope ikanirudia.

Mfereji ulikuwa umefungwa kwa matengenezo ya muda mrefu, na siku ile maji yalikuwa yakipunguzwa. Papa, baba yangu, alikuwa amekaza kamba za boti ukingoni kabla ya kwenda kazini, kama walivyofanya kwao ziwani Kivu. Maji yaliposhuka, kamba zilishikilia upande mmoja, boti ikainama, sahani zikaporomoka.

Maman alichukua shoka. Nilimng'ang'ania mguu.

"Maman, usikate! Tutazama!"

"Bon, acha mguu yangu, mutoto! Ni kamba ndiyo inatupindua!"

Akakata. Boti ikaanguka kwa kishindo, ikakaa wima juu ya tope. Mimi niliziba pua kusubiri maji, naye tayari alikuwa akiokota sahani.