Mbio Zisizo na Breki za Mlola

Ismaili wa Mlola alimchukia Salimu kwa moyo wote, wala hakuona haya kulisema. Zamani walikula sahani moja.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa, pikipiki za mitumba zikimiminika, na kila kijana aliyeuza kabichi zikamlipa akajiona dereva. Lucian, mzungu wa Polandi aliyekuwa fundi wa kiwanda cha mbao, akawafundisha mbio za kwao: mnazunguka uwanja wa udongo, kona zote za kushoto, mguu unaburuta chini, na pikipiki haina breki hata moja.

"Ukifunga breki kwenye kona, wa nyuma yako anakufa," aliwaonya.

Ismaili alikuwa moto wa kuotea mbali. Siku za gulio watu waliacha biashara zao kumtazama, mpaka siku ile Salimu, akiwa mbele yake konani, alipopunguza mwendo ghafla. Ismaili akaruka juu na kuangukia goti la kushoto. Pale chini, kabla maumivu hayajamzidi, aliliona: kanyagio fupi la breki, limefichwa chini ya injini ya Salimu. Akasema. Nani amsikilize? Wakamwita mshindwa asiyekubali kushindwa.

"Pole, kaka, ndiyo michezo," Salimu akamwambia hospitalini. Akawa bingwa, akanunua koti la ngozi, akavimba kichwa.

Goti la Ismaili halikukunjika tena. Akajifunza upya, akisaga meno, na mguu ule wa kushoto ulionyooka kama mpini wa jembe ukamfaa sana kwa kuburuta.

Sikukuu ya Idi akaingia uwanjani na spana mkononi.

"Leo kila mtu amkague mwenzake!" akapaza sauti. "Mimi namkagua bingwa."

Umati ukashangilia, Salimu angekataaje? Ismaili akapiga goti moja kwa taabu, mguu mbovu ameunyoosha kando, akalifungua lile kanyagio, akaliinua juu watu waone. Wakamzomea Salimu. Mwenye akili angekwenda zake nyumbani, lakini koti lilimponza, akapanda. Ismaili naye akapanda yake, mbio zikaanza.

Kona ya kwanza tu, mguu wake ukakanyaga hewa. Hakuwahi kuipita kona ile bila breki. Akapasua seng'enge, akatua kwenye bustani ya bibi mmoja, pikipiki juu ya paja.

"Kaka Ismaili! Simama, nakufa!"

Ismaili akapita akimtimulia udongo usoni. Ni kweli, hakuwa na breki. Hata angekuwa nazo, asingezigusa.