Mwanangu Aniita Nikale Naye Melini, na Kaburi la Babake Hajaliona

Ninyi mnaosoma hapa, kwanza niwagombeze. Visa vya watu mna wakati wa kuvisoma kutwa kucha, lakini kwenu mara ya mwisho mlikwenda lini? Mamako anajua sauti yako ya simu tu, sura anaisahau. Haya, nimegomba, nimemaliza. Nawapenda, ndiyo maana nagomba. Sasa nisikizeni.

Mimi ni bibi wa Shika Adabu, huku Likoni. Kitambulisho chasema nina miaka sabini na mitatu, lakini aliyeandika alinitazama usoni akakadiria. Shule sikuuona hata mlango wake. Haya nayasema kwa sauti kwenye simu, na mwenye ukurasa nimemwambia ayaandike yalivyo, jina langu alifiche, na asinipambe.

Nina kitinda mimba wangu, mwanamume, anapika kwenye meli ya watalii. Mwaka wa sita huu hajakanyaga nyumbani. Mkataba ukiisha, anaunganisha mwingine. Babake alifariki mwaka juzi yeye akiwa baharini. Tulimngoja siku tatu, tukazika. Na kwetu, mtoto aliyekosa mazishi akirudi haketi, wala maji hanywi. Anapita nyuma ya nyumba kwanza, anatupa udongo kwenye kaburi la mzazi wake, alie akitaka, ndipo akaribishwe. Kabla ya hapo hatuli naye. Sikuyatunga mimi, niliyakuta.

Wiki iliyopita simu ikalia, namba ndefu nisiyoijua, sauti inakatikakatika. Mtu akasema, "Shikamoo mama, ni mimi." Ati meli yao inakuja Mombasa kwa siku moja, na wafanyakazi wameruhusiwa kualika jamaa zao wapande, watembezwe, wale chakula cha mchana, washuke kabla haijang'oa nanga. "Nitumie picha ya kitambulisho chako kabla ya Ijumaa, jina lako liingie kwenye orodha. Bila orodha langoni hupiti."

Nikasema moyoni, ehe, matapeli wamefika. Jirani yangu alitoa kitambulisho hivyohivyo, laini ikasajiliwa kwa jina lake, watu wakatapeliwa nayo, askari wakaja kumtoa jikoni. Nikamuuliza huyo mtu, "Kama wewe ni mwanangu, nilikubeba kwa leso ya rangi gani?"

Akasema, "Mama, nitajuaje? Mimi nilikuwa mgongoni, naona kisogo chako tu."

Nikamkatia simu. Kisha nikacheka peke yangu, maana hakuna tapeli mwenye mdomo ule. Mdomo ule ni wa babake.

Alipopiga tena nikamuuliza vizuri, huko melini kuna nini. Akasema kitambulisho kinabaki mlangoni, nami napewa kadi ya kuvaa shingoni imeandikwa mgeni.

"Mgeni wa nani?"

"Wangu, mama."

"Nilikuzaa ili niwe mgeni wako?"

"Mama, ni kadi tu. Na kuku usibebe, chakula cha nje hakiingii."

"Basi shuka wewe. Feri ni hapo tu, na kuku utamkuta."

"Hatutoki, mama. Kazi."

Nikamwamini. Nikafua hata gauni la kanisani. Sasa binti wa dada yangu, anayesafisha ofisi kule bandarini, akapita kunijulia hali, nikamweleza. Akaniangalia kwa huruma ambayo sikuipenda. "Mama mkubwa, hao wanatoka. Meli ikifunga gati nawaona wafanyakazi wake mjini, wananunua sabuni na korosho, jioni wanarudi."

Siku mbili nilichambua mchicha huku nikimshuku mwanangu. Ana mke huko anamficha? Anaumwa? Anaionea haya nyumba hii iliyomlea? Jana akapiga kuulizia picha. Nikamwambia, "Wenzio wananunua korosho mjini. Wewe umefungwa kamba?"

Nikasikia masufuria ya watu yakigongana nyuma yake. Kisha akasema polepole, "Mama, nikishuka nitakuja nyumbani. Nikija nyumbani nitapita nyuma. Nikiliona lile kaburi, sijui kama nitaweza kurudi kuwapikia watu mayai. Njoo wewe tu, nikuone, nikulishe. Huku melini baba bado hajafa."

Nikamwambia akapike mayai yake, tutasema baadaye.

Lakini shaka haijanitoka. Kila mkataba aliounganisha tangu msiba, sasa naijua sababu yake. Nikipanda nikala naye, si nimemfungulia njia ya kutokuja kabisa? Kila mwaka ataniita nile, avae kofia yake nyeupe, babake alale pale bila konzi ya udongo kutoka kwa mwanawe. Na nisipokwenda, magoti yangu haya yatamngoja safari ngapi? Hata nafsi yangu naishuku, huenda natafuta ruhusa kwenu kwa sababu ya hamu ya kumwona.

Asubuhi nimechota udongo wa kaburini, konzi moja, nimeufunga kwenye pindo la leso. Nimewaza nimpelekee aushike mkononi kabla hatujaketi mezani. Binti wa dada yangu asema mizigo yote inapita kwenye mashine, na askari akiona udongo atautupa. Udongo wa mume wangu, kwenye pipa la taka.

Ijumaa ni kesho kutwa. Kitambulisho kiko chini ya godoro na leso iko juu yake. Nishaurini, nikitume au nisikitume? Semeni waziwazi, nitasomewa yote, hata matusi.

Na wewe uliyekosa mazishi kwenu, siku ukienda, usianze na chai. Pita nyuma ya nyumba kwanza, mamako atakungoja na birika.