Nyongeza Iliyotufikisha Zohali

Baba yangu alifundisha shule ya msingi kule Karagwe kwa miaka mingi, na kila mwaka alilifikia somo la sayari. Zohali, ile sayari yenye pete, aliichora ubaoni kwa chaki: duara, halafu pete nene ikilizunguka kama ukingo wa kofia. Yeye mwenyewe hakuwahi kuiona. Darubini aliijua kwa kuisoma tu. Tuliporudi Rwanda mwishoni mwa miaka ya tisini na kukaa Gisenyi, aliiacha kazi hiyo kule kule. Alisema Kifaransa hana, na Kinyarwanda chake ni cha nyumbani, si cha darasani.

Mimi nilipata kazi katika ofisi ya kuchapa, hatua chache kutoka mpaka wa Kongo. Tulikuwa na kompyuta moja, ambayo tajiri wangu aliinunua kwa wageni waliokuwa wanaondoka. Ndani yake walisahau mchezo. Unaendesha chombo angani, unabeba shehena kutoka kituo hiki hadi kile, na maharamia wakikutokea unapigana nao. Ulikuwa mchezo wa zamani hata kwa wakati ule, lakini mimi sikuwa nimeona mwingine. Saa za mchana, wateja wakiwa wamevuka kwenda Goma, nilikuwa naucheza.

Baba alizoea kuniletea chakula. Siku moja alivuta kiti akakaa nyuma yangu, nikampitisha Zuhura, nikampitisha Mirihi. Mbele yake palikuwa na ukanda wa mawe, na hapo chombo kilikataa kwenda.

"Na Zohali?" akauliza.

"Haimo, baba. Mchezo unaishia hapa."

Akafikiri kidogo. "Basi waliouchora wamechoka katikati ya somo," akasema, akachukua bakuli lake akaenda.

Maneno yale yalinikaa. Nikamuuliza fundi wetu, kijana wa Goma aliyekuwa akivuka kila wiki kusafisha mashine za ofisi za mjini. Alikuwa anaujua ule mchezo, na zaidi ya hapo alikuwa na sidii, ile diski ya kompyuta, ya nyongeza yake, ile iliyotolewa baadaye kuurefusha. Nikamwomba anieleze kama inafaa.

"Dada, mi nakuambia ukweli," akasema. "Ule muchezo ni ya zamani. Hii nyongeza inakuongezea masayari ya mbali na vyombo mbili tatu. Kazi ni ile ile: beba, peleka, pigana. Na mashine yako itachoka. Mi niliimaliza, sikuona kitu ya mupya."

"Zohali imo?"

"Iko. Lakini ni kwa ajili ya ile tu unataka kujisumbua?"

Nikamwambia ndiyo. Akacheka, akaniletea, nami nikamchapia mialiko ya harusi ya mdogo wake.

Mimi na fundi tuliiweka kwenye kompyuta Jumamosi alasiri, mvua ikinyesha ziwani. Nilipoijaribu peke yangu niliona kwamba fundi hakunidanganya. Shehena zilikuwa zile zile, maharamia wale wale, na chombo kipya nilichopewa kiligeuka polepole kuliko cha kwanza. Mara mbili picha iliganda ikabidi nizime kila kitu. Angekuja mtu mwingine kuniuliza jioni ile kama inafaa, ningemwambia aache.

Jumatatu baba alikuja na viazi na maharage. Nikamwambia akae. Nikauvuka ukanda wa mawe, nikampitisha kando ya Mshtarii, kubwa mno hata ikajaza kioo chote, na yeye akavua kofia akaiweka magotini. Safari iliyobaki ilichukua dakika kadhaa za giza tupu lenye nyota. Kisha kwa mbali kikatokea kitone cha rangi ya asali, kikakua, na pete ikaanza kuonekana.

Baba akasimama.

"Simamisha chombo," akasema kwa sauti ya chini.

Nikasimamisha. Sayari ilining'inia mbele yetu bila kushikwa na kitu. Kivuli chake kilikuwa kimeangukia pete na kuikata, na pete yenyewe haikuwa moja, ilikuwa mistari na mistari isiyohesabika. Nilikuwa nimepita hapo Jumamosi nikikimbizwa na maharamia, sikuona hata robo ya hayo. Baba akaniomba nishuke mpaka tuitazame pete kwa ubavu. Nikashuka. Ikawa nyembamba, nyembamba, mpaka ikabaki kama uzi.

"Mimi nilikuwa naichora nene," akasema. "Miaka yote ile."

"Hukuwa umeiona, baba."

"Sasa nigeuzie. Nataka kuona jua."

Nikageuza chombo. Jua lilikuwa nukta kali, dogo kuliko punje ya mtama. Akaniuliza dunia iko wapi. Nikatafuta kwa muda, nikamwonyesha alama tu, maana yenyewe haikuonekana. Nilihisi kama mtu aliyeamshwa akakuta nyumba imeondolewa paa.

Mlangoni alikuwa ameingia mama mmoja muuza nyanya, aliyetaka kuandikiwa barua ya kuomba meza sokoni. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini.

"Ile ni wapi?" akauliza.

Baba akamgeukia akamwelezea, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Karagwe: jua, mpangilio wa sayari, kwa nini mwaka wa kule unazidi miaka yetu mingi. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho akiwa na beseni lake kichwani.

"Mungu iko na kazi mingi," akasema taratibu. Kisha akakaa, na barua yake ikasubiri.

Fundi aliporudi wiki ile alimkuta baba kwenye kiti changu. Akaniuliza, akicheka, kama bado sijachoka. Nikamwambia alisema kweli, kwa mchezo ile nyongeza haina faida kubwa, ila sidii simrudishii kwanza. Akatazama kioo, na kicheko kikamwisha usoni.

"Ni ile ile yangu?"

"Ni yako."

"Mi nilikuwa napitaka hapa mbio," akasema. "Walikuwa wananipiga nyuma, sikusimamaka hata siku moja."

Baba akasogea, akampisha nusu ya kiti. "Kaa," akamwambia. "Usiguse kitu. Tazama kwanza."