Peuyeum ya Mak Iyoh na Maswali Saba

Marehemu mume wa Mak Iyoh alipenda kuwaambia wageni kwamba siku ya harusi alipewa mke na redio, na kwamba redio ndiyo iliyokuwa na kitufe cha kuzimia. Mak Iyoh mwenyewe alikuwa wa kwanza kuicheka hadithi hiyo, kisha akaendelea na maneno yake pale alipoyaachia. Akienda dukani asubuhi kununua sabuni, jirani zake walijua sabuni itafika nyumbani mchana. Hakuwa mmbeya. Alipenda tu kuzungumza, kama wengine wanavyopenda kulala.

Ila kila siku, tangu wali unapomwagwa kwenye nyungo upoe hadi mfuniko wa ndoo ya mwisho unapobanwa, hakutoa sauti. Mak Iyoh alikuwa mtengenezaji wa peuyeum, wali wa kunata unaotiwa rangi ya kijani kwa majani, kisha ukachachushwa mpaka ukawa mtamu na kutoa maji yake, na peuyeum ina mwiko wake. Anayenyunyiza hamira aoge, atawadhe, asiwe na kinyongo na mtu, na asiseme. Akitamka neno moja tu, baada ya siku mbili atafungua ndoo akute wali umeota madoa mekundu na unanuka. Katika vijiji vya chini ya mlima Ciremai hakuna aliyewahi kulijaribu hilo, maana nani atachezea gunia zima la mchele ili apate kujua?

Mwiko huo aliupokea kwa mama mkwe wake, Ma Uwen. Kuupokea ni namna ya kusema, kwa sababu asubuhi ya kwanza Ma Uwen aliweka kidole mdomoni, na somo likaishia hapo. Mengine bi harusi aliyajifunza kwa macho: hamira inavyosagwa, inavyochekechwa juu ya wali kwa kitambaa chepesi, na jani la mtofaa linavyokunjwa likashika tonge bila kufungwa uzi. Miaka kumi na tisa walikaa hivyo, ungo mmoja katikati yao. Kazi ikiisha Ma Uwen alichukua jembe akaenda shambani, akarudi magharibi, akasali, akalala. Kwa hiyo jikoni ndipo mahali pekee walipokuwa pamoja, na jikoni hapakuwa na maneno.

Mwaka wa tatu wa ndoa Iyoh alizaa mtoto wa kike aliyeishi siku kumi na moja. Dua ya siku ya saba ilipokwisha alirudi kwenye ungo, kwa kuwa wateja hawana matanga. Wakiwa katikati ya kunyunyiza, Ma Uwen alisimamisha mkono. Aliinua uso, akamtazama mkwe wake, akafungua mdomo. Kisha akautazama wali, akaufunga mdomo, akaendelea. Ndoo zilipofungwa alichukua jembe lake.

Iyoh alingoja jioni ile, akangoja wiki nzima, halafu akaacha kungoja. Miaka mingine aliamini yule mama alitaka kumlaumu, maana ujauzito ukiwa mkubwa Iyoh alikuwa bado anapanda pikipiki kwenda sokoni. Miaka mingine, akiwa na afya na moyo mweupe, aliamini alitaka kumpa pole. Ma Uwen alianguka shambani siku moja ya mavuno na hakuamka, na swali likabaki kwa aliye hai.

Sasa Iyoh naye alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane, na serikali ikamjia na swali lake.

Haikumjia yeye kwanza. Ilikwenda kwenye duka la Haji Omon, barabara kuu ya kushukia mji wa Cirebon, ambako mabasi ya wasafiri husimama na kila abiria huondoka na ndoo nyeusi ya peuyeum mkononi. Wakaguzi walipita rafu kwa rafu. Ndoo iliyokuwa na namba ya kibali ikabaki, isiyokuwa nayo ikashushwa. Za Mak Iyoh zote zilishushwa.

"Mak, mimi sina ubaya na wewe," Haji Omon alimwambia, huku akizipanga ndoo zake mlangoni kama mizigo ya mgeni anayefukuzwa kwa heshima. "Peuyeum yako naila mwenyewe. Lakini mwisho wa mwezi wanarudi. Lete namba, nafasi yako iko palepale. Usipoleta, nampa mtu wa kijiji cha pili."

"Yule anayetia rangi ya dukani?"

"Ana namba, Mak."

Bila duka la Haji Omon, Mak Iyoh angebaki kuwauzia jirani, na jirani nao wanatengeneza peuyeum.

Alikwenda kwenye semina ya siku moja, ukumbi wa wilaya, akakaa mstari wa mbele. Alijifunza kunawa mikono kwa hatua sita, ingawa yeye alikuwa akitawadha kabla ya kazi tangu mwalimu hajazaliwa. Aliambiwa kuku wasiingie jikoni, dirisha liwe na wavu, pipa la taka liwe na mfuniko. Alipoulizwa bidhaa yake inadumu hadi lini, alijibu, "Hadi ndoo iishe," na ukumbi mzima ukacheka. Mwalimu alicheka pia, kisha akamwambia aandike tarehe. Mwishoni wakaelezwa kwamba mkaguzi atakuja nyumbani, ataitazama kazi ikiwa inaendelea, na mtengenezaji atajibu maswali papo hapo. Mak Iyoh, ambaye hakuwahi kuona aibu kuuliza bei ya kitu asichokitaka, aliona aibu kuuliza hilo. Angesemaje mbele ya watu wenye kompyuta? Kwamba hamira haipendi kelele?

Akatia wavu dirishani, akawajengea kuku banda, akamwomba Mungu mkaguzi achelewe kitandani.

Mkaguzi hakuchelewa. Alikuwa msichana wa miaka kama thelathini, jina lake Resti, mzaliwa wa pwani ambako kwao hukausha samaki na hawajui ungo una adabu gani. Alifika Jumanne saa mbili asubuhi, akavua viatu, akavaa kofia ya nailoni na barakoa, akasalimu. Mak Iyoh alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuchekecha hamira.

Aliitikia salamu kwa kichwa. Kisha akaonyesha mdomo wake, akatikisa mkono.

"Jino, Mak?" Resti akauliza kwa huruma. "Pole. Karafuu inasaidia."

Mak Iyoh akatikisa kichwa, akauonyesha ungo, akaonyesha ndoo, akaonyesha jua litakapofika kazi ikiisha.

"Ee, naona, ndoo nzuri. Safi kabisa." Msichana alizunguka jikoni na fomu yake. Aliangalia wavu, akaweka alama. Akafungua pipa la taka, akaweka alama. Alipiga magoti akachungulia chini ya kabati, jambo ambalo hata Ma Uwen hakuwahi kulifanya, akaweka alama. Mak Iyoh aliendelea kuchekecha.

"Sasa maswali, Mak. Ni saba tu. Maji ya kuoshea mchele unayatoa wapi?"

Mak Iyoh alielekeza kidole nje.

"Nje wapi? Mtoni? Kisimani? Mak, lazima useme mwenyewe. Usiposema natakiwa niandike 'hajui'. Zikifika tatu, fomu inarudi, unaanza upya mwezi ujao." Alisubiri. Alikuwa na adabu, akasubiri tena, huku akiangalia saa, maana alikuwa na majiko mengine matatu kabla ya adhuhuri. "Basi. Hajui." Akaandika. "La pili. Hamira unainunua imefungwa au ya kupima?"

Mak Iyoh alielekeza kidole kwenye kabati.

"Hajui." Kalamu ikaandika. "Haya, Mak, hili ni rahisi. Hamira unaiweka wali ukiwa bado wa moto, au ukishapoa?"

Mak Iyoh aliitazama ile kalamu ikishuka kwenye karatasi. Kuambiwa hajui maji yanatoka wapi angevumilia. Lakini hili!

"Ukishapoa!" sauti ilimtoka kama sufuria lililoanguka. "Ukiiweka kwenye wali wa moto unaiua, mtoto mchanga anajua! Unaweka kiganja hivi, usisikie joto wala baridi. Andika! Na maji ni ya kisima, kisima kina mfuniko, kamwulize aliyekichimba. Na hamira ni ya pakiti, ile ya kupima wanachanganya unga wa mchele. Futa hizo hajui zako, mwanangu, futa mbele yangu!"

Resti alizifuta mbele yake. Yaliyobaki yalijibiwa kabla hayajaulizwa, na juu yake Mak Iyoh akaongeza mawili matatu kuhusu mtu wa kijiji cha pili na rangi yake. Alipozinduka, mikono yake ilikuwa imekwisha kunyunyiza ungo wote. Maji yakimwagika hayazoleki. Alikunja majani midomo ikiwa imefungwa, kama mtu anayefunga mlango mwizi akiwa ameshatoka.

"Natia saini ndoo hizi tatu," Resti alisema, akibandika karatasi juu ya mifuniko. "Asifungue mtu. Alhamisi nakuja, tunafungua pamoja. Zikiwa nzima unapata namba yako. Mak, mbona unajua kila kitu? Ulikuwa unanitania?"

Mak Iyoh alianza kuosha ungo. Siku hiyo hata sabuni hakwenda kununua.

Jioni jirani yake, Ceu Oom, aliporudi kutoka kuvuna, alisikia habari nzima kutoka ng'ambo ya ua, akajishika kiuno.

"Ulisema? Ukiwa unanyunyiza?"

"Nilisema."

"Neno moja?"

"Oom, nilisema mpaka nikachoka."

"Basi dada yangu, nunua mchele mwingine na uombe mwezi mwingine. Hizo ni za kuku." Kisha, kwa kuwa walikuwa majirani wa miaka thelathini, akaongeza, "Na kuku wenyewe sijui."

Mwezi mwingine usingefaa. Rafu ya Haji Omon isingengoja. Mak Iyoh alipita Jumatano yote akizizunguka zile ndoo tatu pembeni mwa jikoni. Aliinama kunusa mfuniko, akakumbuka karatasi ya serikali, akainuka. Aliogopa, wala hakujidai kwamba haogopi. Alimwomba radhi Ma Uwen kwa moyo, kisha akamkasirikia, kwa kuwa marehemu huyo ndiye aliyemfunga mdomo tangu mwanzo.

Alhamisi Resti alikuja, na Ceu Oom akaja pia, akasimama mlangoni kushuhudia msiba. Mkaguzi alichana karatasi yake na kubandua mfuniko wa kwanza.

Harufu ilitoka kabla ya kitu kingine: tamu, yenye ukali kidogo puani, na jani la mtofaa nyuma yake. Majani yalikuwa yamelowa. Resti alifungua tonge moja, wali ukang'aa kijani, hauna doa. Ndoo ya pili hivyohivyo. Ya tatu ilikuwa na maji mengi zaidi ya hizo mbili, na wajuao wanajua kwamba hiyo ndiyo iliyoiva vizuri zaidi. Alichovya kijiko, akaonja, akafumba macho.

"Mak," alisema, "nimeonja majiko kumi na manne mwezi huu. Hii ndiyo." Akaandika, akatia saini, akapiga muhuri juu ya paja lake.

Ceu Oom alionja naye. Alitafuna polepole, akaonja tena, akitafuta ubaya. "Haiwezekani," alisema. "Ni tamu kuliko ya kawaida yako."

Mak Iyoh alichukua tonge, akalitia mdomoni. Kisha akakaa pale sakafuni, kati ya ndoo, akalia. Hakulia kwa kujificha. Alilia kama watu wanavyolia jeneza linapotoka nyumbani.

"Ni furaha, Mak," Resti alimwambia, akimpapasa bega. "Wengi wanalia wakipata namba."

"Afadhali ingeharibika," Mak Iyoh alisema.

"Mak?"

"Ingeharibika, mwanangu. Alikuwa amefungua mdomo. Angeweza kusema tu."

Msichana alimtazama Ceu Oom, na Ceu Oom, aliyemzika yule mtoto wa siku kumi na moja pamoja na wengine, aliuelewa mkono wa Mak Iyoh uliokuwa ukionyesha upande wa pili wa ungo, mahali pa Ma Uwen, pasipokuwa na mtu. Akamtoa mkaguzi nje kwa upole, akamfungia matonge matano ya njiani, ambayo Resti aliyakataa, maana sheria yao hairuhusu.

Namba ilibandikwa kwenye ndoo Jumamosi, na nafasi kwenye rafu ya Haji Omon ikapatikana palepale ilipokuwa.

Asubuhi ya Jumapili Ceu Oom alipita nje ya dirisha lenye wavu, akanyata kama ilivyo desturi ili asimsumbue anayenyunyiza. Akasikia sauti ndani. Alidhani kuna mgeni, akachungulia. Mak Iyoh alikuwa peke yake, amevaa kofia ya nailoni, kitambaa cha hamira mkononi. Alikuwa amekaa upande mmoja tu wa ungo, kama zamani, na upande wa pili ameweka kigoda.

"Haya, Ma," alikuwa akisema, huku akichekecha. "Wali hauna habari na sisi. Siku ile ulitaka kuniambia nini?"