Pasi ya Kwenda Kujifungua

Juzi nilikuwa kwenye foleni katika ofisi ya pasi, Ruiru, maana siku hizi za Hali ya Hatari hakuna atokaye kijijini bila kibali cha serikali, mama mjamzito alipoingia ameshikiliwa na mama mkwe wake. Uchungu ulikuwa umemwanza tangu jana yake, na mkunga wa kijijini alikuwa amesema mtoto amekaa vibaya, mama apelekwe hospitali ya Thika upesi.

Karani hakuinua macho. "Mume wake aje aombe pasi mwenyewe."

"Mume wake yuko kizuizini, bwana," mama mkwe akajibu.

"Basi rudini kesho, bwana mkubwa akiwepo."

Mjamzito akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akauma leso yake. Mama mkwe akauchukua mkono wa karani, akauweka juu ya lile tumbo.

"Mwambie huyu angoje mpaka kesho."

Karani akauvuta mkono kama aliyeungua. Akagonga muhuri kwanza, majina akauliza baadaye.

Mtoto alizaliwa Thika mchana huo kwa mama kupasuliwa, na wote wawili wazima. Mimi nimeisoma fomu ya pasi mbele na nyuma. Inauliza kabila, kijiji na tajiri aliyekuajiri. Haiulizi kama mtu anakaribia kufa.