Nota ya Mwisho ya Alto

Jirani yangu Flaviana anaapa kwamba Ghislaine wa kwaya yetu aliuharibu wimbo makusudi.

"Mkongo yule ana wivu, Stellah! Kaona solo kapewa mwingine, akawafundisha alto uongo. Mbele ya Waswidi, jamani!" alinipasha kwenye chumba cha kufulia, hapa mtaani Rissne, Uswidi, huku akishindilia mashuka kwenye mashine.

Nikakunja soksi.

Ukweli ninaujua mimi.

Mwalimu wetu wa kwaya, Nathaniel, alipanga upya wimbo wa watumwa weusi wa Marekani, tuuimbe tamashani pamoja na kwaya ya Waswidi wa Jakobsberg. Wale wanasoma nota za mistari. Wengi wetu tunasoma do-re-mi, kwa hiyo mimi ndiye huzinakili kutoka mistari kwenda do-re-mi. Niliishia darasa la saba, lakini kwa kunakili sina mpinzani. Ndiyo heshima yangu pale.

Nilipofika nota ya mwisho ya alto, sauti ya chini ya wanawake, masikio yakagoma. Inakwaruza! Nikajua mwalimu kapitiwa. Nikaweka "mi", wimbo ukafunga vitamu kama tulivyozoea nyumbani.

Sikumwambia mtu.

Siku ya mazoezi ya pamoja, tukafika mwisho. Alto wa Jakobsberg wakashika nota yao, wetu wakashika yangu. Vurugu.

"Ghislaine! Kiongozi wa alto ni wewe. Umewafundisha nini?" Nathaniel alifoka. "Ile nota nimeiacha ikining'inia makusudi! Waliouimba hawakujua kesho watauzwa wapi. Wewe unawamalizia vitamu?"

Ghislaine akanitazama.

"Pardon, mwalimu. Ni mimi."

Akachukua koti, akaondoka. Faili lake likabaki kwenye kiti, nikaenda nalo nyumbani.

Na mimi? Mdomo nimeufunga. Nikajifariji kwamba hajui, kadhani kweli kakosea yeye.

Jana nikalifungua lile faili.

Nota yangu kaizungushia penseli. Pembeni kaandika tarehe ya siku ileile ya mazoezi: "Stellah kabadilisha. Nimuulize tukiwa wawili, asiaibike."

Nililia kama mtoto.

Nikaenda kwa mwalimu, nikasema yote. Hakufoka. Alisema tu, "Mlete Ghislaine."

Ndugu zangu, uchungu wa mtu usiurekebishe eti kwa sababu umekukwaruza wewe. Na ukikosea, sema mapema, kabla mwenzako hajaubeba mzigo wako.

Tamasha ni leo jioni. Asubuhi nimemwandikia: "Da Ghislaine, nimesema ukweli wote. Rudi uimbe, nakuomba."

Tiki mbili za bluu.

Saa tisa sasa. Hajajibu.