Nianzie Mwanzo

Siku moja naikumbuka, mwanangu, pale Ibra, Omani, miaka ya sabini inakaribia kwisha. Tumekaa tunangoja chakula cha mchana, binamu yangu akauliza leo kumepikwa nini. Nikajibu, uso mkavu: "Hatujui, lakini tumekaribia." Hakuna aliyecheka.

Mzaha huo nilirudi nao kutoka Urusi, nilikosomea uhandisi. Warusi, usiwaone wamenuna, kwa utani hawana mfano. Ila hawacheki mzaha wao wenyewe, anayeucheka keshauharibu. Na marafiki wakishazoeana hawausimulii tena. Hutupa maneno ya mwisho tu, wenzao wakavunjika mbavu. Pale Ibra aliyeujua mwanzo alikuwa mmoja, Salim, niliyesoma naye. Alipopata kazi mji wa Sur, nikabaki peke yangu. Nyumba imejaa jamaa, nami mpweke, nawaza hata kuihama.

Basi siku ile, chakula kishaletwa, shangazi yangu Bi Zuwena, aliyenilea, akanitazama. "Unatununia kwa kuwa hatucheki. Mwanzo wake umetuambia lini? Kidole kimoja hakivunji chawa. Haya, nianzie mwanzo."

Nikaanza. Mtu kaikuta foleni ndefu kwenye theluji, naye akajipanga. Akasimama kutwa. Jioni akamwuliza wa mbele yake, kwani wanauza nini? Akajibiwa, "Hatujui, lakini tumekaribia."

Shangazi hakucheka. Aliuliza theluji inafika wapi, nikamwonyesha gotini, akaendelea kula. Nikaona nimejisumbua bure.

Miaka ikapita, akaugua. Siku moja tumemzunguka kitandani, nikainama. "Shikamoo, Shangazi. Unajionaje?"

Akafumbua macho, uso mkavu kuliko wa Mrusi yeyote. "Sijui," akasema, "lakini nimekaribia."

Chumba kizima kilicheka. Kumbe alikuwa keshawasimulia wote, mmoja mmoja, wala hakuniambia. Tulicheka huku tunalia, na Ijumaa haikumkuta.

Sasa wengi wa waliocheka siku ile wametangulia, na Salim pia. Nikiyasema maneno yale kwenye chakula, wajukuu hunipa maji, wakidhani nimepaliwa. Naumia, lakini kosa si lao.

Basi shika hili, mwanangu. Usimwite mtu mkavu kabla hujampa mwanzo. Na ukimwona mzee anacheka peke yake, usimpite. Keti, umwambie, nianzie mwanzo. Mungu akujaalie watu wa kusimama nao kwenye foleni hii, na asikuache hata siku moja ukacheka peke yako. Amin.